Feni ya Taa za Rangi

Mhariri wa video alifika dukani kwa fundi wa kompyuta akiwa amechoshwa na kompyuta inayozimika kwa joto kila akianza kazi. Fundi alifuta vidole kwenye shati, akawasha feni ya kupoza prosesa, yenye taa za rangi, iliyofungwa kwenye kompyuta ya maonyesho. "Gusa, dada. Baridi!" Kila mteja alimgusisha hivyohivyo, kifuniko kikiwa wazi, mashine haina kazi, pangaboi likiipulizia.

"Unanifanya mtoto, kaka? Funika, zima pangaboi, ufungue video yangu!"

Fundi alichekea puani, akatii. Punde mashine ikazimika, na taa zake zote. Vidole vikarudi kwenye shati.

"Na ile?" Dada alionyesha feni nzito, isiyo na taa, iliyozuia mlango usijifunge.

"Ile? Sura mbaya, hainunuliki."

Waliifunga kwenye mashine ileile, video ikaisha bila kuzimika. Dada aliondoka na feni hiyo kwa bei ya chuma chakavu, mlango wa fundi ukijibamiza nyuma yake.