Mama Mistari na Mkono Uliolala

Wateja walimwita Mama Mistari kwa sababu ya njia alizozichora kichwani kwa ncha ya kitana. Zilinyooka utadhani zimepigwa rula. Alisuka nywele katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Mumewe, fundi viatu, alikuwa na meza yake barazani, na kutwa nzima walirushiana maneno dirishani.

Kiharusi kilimpata asubuhi moja akiwa kazini. Kitana kilimponyoka, akainama kukiokota, mkono wa kulia ukagoma. Mteja alisaidiana na fundi kumkimbiza hospitali, kichwa nusu kimesukwa, nusu nywele zimesimama. Alinusurika. Maneno yalirudi mapema, mguu ukafuata kwa kuchechemea. Mkono ulibaki umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine.

Mumewe alijitosa mzimamzima. Alimlisha, akamfunga vifungo, akampiga mswaki. Ukimwambia apumzike, alikujibu, "Amenihudumia miaka yote. Sasa ni zamu yangu." Mama Mistari akazidi kunyamaza. Wateja walipokuja kumjulia hali, aliuficha mkono chini ya mtandio.

Wifi yake ndiye aliyewaburuta hadi kliniki, kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, ambaye kazi yake ni kuwarudisha wagonjwa kwenye shughuli zao za kila siku. Mtaalamu huyo alikuwa binti mwenye sauti ya chini. Chumbani mwake hamkuwa na mashine za kutisha: beseni la maharage, vibanio vya nguo, shati lililotundikwa kwa ajili ya vifungo vyake tu. Alimwambia Mama Mistari afumbe macho, akampitishia pamba vidoleni.

"Unasikia, mama?"

"Kwa mbali. Kama hodi inayopigwa kwa jirani."

"Inatosha. Tutaisogeza mpaka mlangoni kwako."

Kisha akamwekea kikombe cha maji mezani, amwone anavyokishika. Kabla mkono haujatikisika, mumewe alikuwa amekwisha kukifikisha mdomoni.

"Baba, nyumbani nani anamlisha?" binti akauliza.

"Mimi. Simwachii taabu hata kidogo."

"Ndiyo taabu anayoihitaji. Ubongo unajifunza upya kwa kuutumia huo mkono. Ukimfanyia kila kitu, haujifunzi."

Fundi alishusha kikombe, uso umemshuka pia.

"Usimlaumu, mwanangu," mkewe akasema. "Na mimi nilishakuwa nimezoea."

Walipewa glovu nene ya kuvalishwa mkono mzima, ule wa kushoto, kwa saa chache kila siku, akiwa amekaa, ili ule mgonjwa usipate pa kukwepea. Nyumba ikachafuka. Maharage yalitapakaa sakafuni, kijiko kikarushwa ukutani, na binti wa kliniki akasemwa vibaya asipokuwepo. Uvumilivu ulipomwishia, fundi alitoka barazani akagongagonga viatu visivyo na ubovu wowote.

Jioni moja alimkuta mkewe akihangaika na kifungo cha blauzi, jasho linamtoka. Akanyoosha mkono.

"Rudi kwenye viatu vyako," mkewe akamwambia bila kuinua macho.

Alirudi. Aliposikia kimya kimezidi, akachungulia dirishani. Kifungo kilikuwa kimeingia, naye anakifungua ili akifunge tena.

Wiki zikapita. Mtaalamu akaomba siku inayofuata waje na kichwa cha kusukwa. Wifi akajitolea, kichwa chake, alisema, hakikuwa na kazi nyingine. Mama Mistari alimsuka asubuhi nzima, akipumzisha vidole kila mara. Zilitoka nywele za mistari minne minene, na njia zimepinda. Wifi akajitazama kwenye kioo.

"Wifi, umenichongea barabara ya mlimani."

Mama Mistari akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kwa mara ya kwanza tangu augue, mumewe hakukimbilia kumfuta. Kesho yake wifi akaenda nazo kazini vilevile. Aliyeuliza alijibiwa, "Msusi wangu amerudi."

Nywele za mistari myembamba hasuki tena, maana vidole huchoka mapema. Anasuka za mistari minene, kwa miadi, na wateja hawana haraka kwa kuwa mazungumzo ni yaleyale. Kitana chake kina mpini mnene wa mpira wa soli, aliotengenezewa na mumewe. Mtaalamu alipouona, akamwagiza fundi atie mipini kama hiyo kwenye vijiko na visu vya wagonjwa wengine. Siku hizi mezani pake viatu vimesogezwa pembeni, na kabla kijiko hakijatoka, mkewe hukijaribu kwanza kwa mkono wa kulia.