Uzi Uliotiwa Nta

Nilianza kusokota uzi mwaka wa pili baada ya mume wangu kufariki, na sababu yenyewe haina maana kubwa: nilitaka kazi isiyo na mtu ndani yake. Shuleni kwetu hapa Tabora darasa langu lina watoto wengi kuliko madawati. Nyumbani nilikuwa na mama mkwe, ambaye macho yake yamefifia mpaka anaona mwanga na vivuli tu. Tangu kukicha hadi ninapopanda kitandani kulikuwa na mtu ananiita. Mwalimu. Mama. Mwalimu. Pamba haiiti mtu.

Pamba yenyewe niliipata kwa mwalimu mwenzangu ambaye kwao ni Igunga, wanalima. Alinipa gunia moja, na mbegu zake humo humo. Kusokota nilijifunza kwenye simu, kwa kutazama video ileile mara ishirini. Unatafuta kijiti kilichonyooka, unakichomeka kwenye kisahani cha kibuyu kilichotobolewa katikati, unakizungusha kama pia, na kikiwa kinaning'inia pamba inajivuta yenyewe kuwa uzi. Kwenye video ilijivuta. Kwangu ilikuwa inakatika, kijiti kinaanguka sakafuni, ninainama kukiokota huku kiuno kinalalamika.

Walimu wenzangu waliniona kichekesho.

"Mwalimu, si uzi umejaa madukani?"

"Umejaa."

"Utauza?"

"Siuzi."

"Sasa?"

Nilikuwa nimechoka kutoa majibu. Siku nzima ninatoa majibu. Niliwaacha wanicheke, nikaendelea kuchambua mbegu wakati wa chai, na pamba ikinasa kwenye sketi yangu nyeusi mpaka wanafunzi wakazoea.

Mama mkwe hakunicheka. Jioni aliketi kwenye mkeka barazani, miguu ameinyoosha, anasikiliza kijiti kinavyozunguka. Yeye ni mtoto wa mrina asali. Baba yake alikuwa na mizinga msituni, na yeye amekulia kwenye nyumba ambayo kila kitu kilinukia nta. Mume wangu ndiye aliyemleta mjini kutoka Kwihara, akamjengea chumba kwetu, akakipaka rangi mwenyewe, kisha akafa, watoto wetu wakiwa wameshaondoka nyumbani, akatuacha sisi wawili.

Niseme ukweli. Nilimpenda mama mkwe, na nilikuwa nimemchoka. Hakuwa mkorofi. Angekuwa mkorofi ingenisaidia, ningepata cha kumsema kanisani. Aliuliza tu kama geti limefungwa, nikimjibu anauliza tena. Ugali wa sembe haumpiti kooni, anataka dona. Maji ya kuoga yawe ya moto, lakini si hayo, hayo yamezidi. Akihitaji kwenda msalani lazima nimshike mkono, na siku nyingine tunakwenda mara saba. Nilimshika mkono kila mara. Lakini kuna kushika na kushika, na nadhani mkono wake uliijua tofauti.

Uzi ulinishika pole pole. Kufikia Desemba ulikuwa haukatiki sana, na kila nilipopata fungu zima nililikunja nikalipeleka kwenye kapu lililokuwa chumbani kwa mama mkwe, kwa kuwa mlango wa kule ulifunga vizuri na panya hawakuingia. Niliweka nia: likizo ya Juni, jua likiwa kali na hakuna mvua ya kuniharibia, nitautia rangi wote kwa siku moja. Fundi seremala wa mtaani kwetu alikuwa ananiwekea maranda ya mninga, ambayo ukiyachemsha yanatoa rangi ya udongo wa tofali bichi. Nilikuwa nimenunua shabu ile ya vinyozi ya kuifanya rangi ishike. Ndani ya miezi yote hiyo, nikiwa darasani na chaki mkononi, nilikuwa naiwaza ile siku ya rangi. Sikuwa na jambo jingine la kuliwaza lililokuwa langu peke yangu.

Juni ikaja. Nililitoa kapu, mafungu kumi na manne, nikayaloweka usiku kwenye ndoo kubwa. Asubuhi nikayakuta yanaelea. Nikayasukuma chini, yakapanda. Maji yalikuwa yanatiririka juu yake bila kuingia. Nikajiambia ni mafuta ya pamba yenyewe, yataisha motoni. Nilikuwa nimeshawasha kuni, maranda yamechemka, sufuria imekuwa nyekundu, na sikuwa na subira hata kidogo. Nikatumbukiza yote.

Nilipoyatoa yalikuwa na mabaka. Mahali fulani rangi imekamata, mahali pengine ni nyeupe, kama mtu mwenye ngozi inayobabuka. Sufuria ilipopoa, juu yake pakatanda utando wa njano. Nikaugusa, nikaunusa. Harufu ya mzinga.

Nilikwenda kwake na fungu moja mkononi, linachuruzika sakafuni.

"Mama, huu uzi umeufanya nini?"

"Nimeutia nta," akasema. Alitabasamu. Alikuwa ananisubiri niuone, masikini. "Kila jioni nakusikia, uzi unakatika, uzi unakatika. Nikasema ngoja nimsaidie. Kwetu uzi usio na nta si uzi, unaoza, mchwa wanaumaliza. Ukienda shule naanika juani lile bonge la nta nililokuja nalo kutoka Kwihara, lilainike, nafungua fungu, naupitisha wote, nafunga tena. Umekuwa mgumu sasa, sivyo?"

Nataka ieleweke kwamba nilimsikia. Nimekwisha kusikia watu wakisimulia makosa yao kwa kusema hawakujua. Mimi nilijua. Alikuwa amenieleza vizuri, kwa mpangilio, na nilielewa kwamba mwanamke asiyeona alikuwa amekaa barazani miezi na miezi akipapasa uzi wangu pima kwa pima, kazi ndefu karibu kama yangu. Nilielewa hayo yote, na bado nikafungua kinywa.

"Mama, nimechoka. Nimekuchoka. Nenda kwa mwanao mwingine kule Usinge ukamsaidie yeye."

Akashusha mikono mapajani.

"Haya, mama," akasema.

Ule uzi niliuchemsha tena kwa magadi na sabuni, siku mbili mfululizo, nikawa naengua nta kama mtu anayeengua povu la mchuzi. Haikutoka yote. Nikaufunga kwenye mfuko wa salfeti nikautupa stoo. Hasira ilikuwa imeshaisha siku ya kwanza jioni, na kilichobaki kilikuwa uchovu uleule wa siku zote. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia "Marahaba," akakomea hapo. Zamani angeuliza nimelalaje, kichwa kimepona, watoto wamepiga simu. Nilijua nitamwomba msamaha. Nilikuwa nasubiri siku nitakayokuwa na nguvu.

Kumbe alikuwa amemwomba jirani ampigie simu mwanawe.

Shemeji yangu alifika Ijumaa, na Jumamosi akaja baba yao mdogo kutoka Kwihara kwa baiskeli, kwa sababu katika ukoo wao mzee hahamishwi kimyakimya. Akiondoka kwenye nyumba ya mwanawe aliyefariki, lazima aulizwe mbele ya watu: umeondoka au umeondolewa? Likitoka jibu la pili, mkamwana ameumbuka mpaka kaburini, na watu hawatakuja hata kwenye msiba wake. Nilikuwa nalijua hilo. Nilipika wali na kuku, nikawaandalia sebuleni, nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango.

Walikula. Walinawa. Baba mdogo akakohoa.

"Shemeji," akamwambia mama mkwe, "tumeambiwa unataka kwenda Usinge. Tukuulize kama inavyopaswa. Unaondoka au umeondolewa?"

Mama mkwe aligeuza uso, si upande wa baba mdogo bali upande wangu. Sijui alijuaje nilipokaa.

"Naondoka," akasema. "Nimemkumbuka mwanangu. Na wajukuu wa kule siwajui hata sauti."

"Hakuna maneno yaliyopita hapa?"

"Maneno gani? Huyu ananiogesha, ananilisha, ananishika mkono. Mtoto niliyemzaa hajanifanyia hivyo." Shemeji yangu akainamisha kichwa. "Asije mtu akasema neno juu ya mkamwana wangu."

Baba mdogo akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Kisha akanigeukia mimi, maana na mimi lazima niulizwe.

"Na wewe mama, una neno?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pake. Ningesema, baba, mama ananisitiri, mimi ndiye niliyemwambia aende, naomba abaki. Ningeaibika, ningelia, wangenikemea, na nadhani angebaki. Wote watatu walikuwa wananingoja. Nikaona kitanda changu. Ni aibu kuandika hivi, lakini ndicho nilichokiona: kitanda changu, asubuhi ya Jumapili, na hakuna anayeniita.

"Sina, baba," nikasema.

Jumatatu niliwasindikiza stendi kwa bajaji. Nilimfungia kanga mbili, sweta, dona kilo tano, dawa zake za presha kila aina kwenye mfuko wake. Ndani ya basi nilimkalisha dirishani, nikamvutia kitenge magotini. Akanishika mkono akaupigapiga, mara mbili. Kondakta akasema wasindikizaji washuke, nikashuka.

Nikarudi nyumbani, nikaingia chumbani, nikalala saa nne asubuhi hadi jua likielekea kuzama. Sijawahi kulala vile tangu niolewe. Niliamka nimepumzika kweli, mwili mwepesi, na kabla sijakumbuka lolote nilifurahi. Nasema nilifurahi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Halafu nikakaa kitandani nikisikiliza nyumba.

Simu ikalia. Alikuwa shemeji, wamefika salama, mama anataka kusema nami. Nikasikia simu inahamishwa, kanga inakwaruza.

"Umelala?" akauliza.

"Shikamoo mama. Nimelala."

"Marahaba. Basi vizuri, mwanangu. Ulikuwa umechoka."

Nilikuwa na maneno yote tayari mdomoni, hata mpangilio wake nilikuwa nao. Nikavuta pumzi, nikamuuliza kama huko kuna baridi.

"Ipo kidogo," akasema, "asubuhi." Akangoja. Nilimsikia anangoja. Kisha akarudisha simu kwa mwanawe.