Dereva wa Lori la Kale

Jirani yangu wa mtaani Queensbury, dereva mstaafu wa basi, huendesha lori la jeshi la mwaka 1914 kwenye maonyesho ya magari ya kale. Huvaa kama madereva wa enzi zile: koti lililofungwa hadi kooni, suruali ya kupandia farasi, miwani mikubwa ya vumbi, na kwenye visigino vyuma vya kumchomea farasi ubavuni. Madereva wa kwanza wa jeshi, husema kwa sauti ya kutoa amri, walitoka zizini, wakapewa injini kabla ya kupewa nguo mpya. Kila mara huipangusa miwani, ingawa lori halimpiti mama anayesukuma kigari cha mtoto.

Mwaka huu mkewe, Damyanti, alikuja kwa mara ya kwanza kumwona akiendesha. Kabla ya msafara kuondoka, chuma kimoja cha kisigino kilinasa kwenye klachi, lori likaparamia bustani ya maua. Msimamizi, Surinder, akamjia mbio. "Mzee, vua hivyo vyuma au ushuke!"

"Vua bwana, Baba Pravin," mkewe akasihi. "Mimi nimefunga duka nije kuona wewe!"

Sare huvaliwa yote au haivaliwi, akajibu mumewe. Hapo nilimuunga mkono. Alishuka, akamwachia msaidizi wake, Tom, usukani, akatangulia kwa miguu, kifua mbele, vyuma vikilia kwenye lami, lori likimfuata kwa taabu. Watu wote wakampiga picha yeye. Bibi mmoja akamuuliza farasi wake yuko wapi. Bila kugeuka, akaonyesha nyuma, kwa Tom na lori.