Dirisha la Mwashi na Wale Waliolala Chini ya Meza

Haya ninayowaandikia hakuna atakayeyaamini, na sitamlaumu mtu. Mimi mwenyewe nilikuwepo na kuna sehemu bado nazitilia shaka. Lakini ni kweli tupu. Mjomba wenu hajasema uongo tangu alipoacha shule, au tangu shule ilipomwacha yeye, maana mpaka leo hatujakubaliana nani alimkimbia mwenzake.

Ni habari za mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, fundi cherehani. Nyumbani tunamwita Tepu, kwa sababu ile tepu yake ya kupimia haitoki shingoni. Siku ya harusi yake alikuja nayo, picha zipo. Ana ugonjwa mmoja tu: akiona kitu kimepinda hawezi kunyamaza. Ukimsalimia, kabla hajaitikia ameshajua kuwa bega lako la kushoto limeshuka na mguu mmoja wa suruali ni mrefu kuliko mwenzake. "Shikamoo Mjomba, hebu geuka kidogo." Miaka yote, hiyo ndiyo salamu yangu.

Mumewe ni mwoka mikate. Mpole mno, mkwe wangu huyo. Ukimkanyaga mguu yeye ndiye anayekuomba radhi. Kazi yake ni ya usiku. Asubuhi watu wakienda kazini yeye ndiyo kwanza anarudi, unga mpaka kwenye nyusi, anatafuta pa kulaza ubavu.

Na hapo ndipo penye kasheshe. Walikuwa wamepanga chumba kimoja, na humo chumbani kulikuwa na meza ya kukatia vitambaa, futi nane kwa futi nne, mbao nzito. Meza na kitanda havikuweza kukaa pamoja. Meza ndiyo inayoleta ugali wao, kwa hiyo kitanda kikatoka, godoro likasukumwa chini ya meza. Miaka sita, ndugu zangu! Watu wazima, wenye cheti cha ndoa, wanalala chini ya meza kama paka. Mkwe wangu alijifunza kuamka bila kuinua kichwa. Alijifunza kwa machungu, ukimtazama paji la uso utaona masomo yenyewe.

Mchana ilikuwa hivi: mke anakata vitambaa juu, mume anakoroma chini. Mteja akiuliza, "Nini hicho kinanguruma?" Tepu anamjibu bila kupepesa, "Cherehani ya jirani." Mambo yakaenda hivyo mpaka alipokuja mwalimu mkuu mmoja kupimwa suti. Bwana mkubwa kasimama wima, mikono kaitanua, anapimwa kiuno, mara mkono ukachomoza chini ya meza ukamkamata kifundo cha mguu na kuanza kukikanda. Kumbe mkwe wangu yuko ndotoni, anakanda unga wa mikate! Mwalimu mkuu alitoka mbio na tepu kiunoni. Ndiyo siku pekee ambayo tepu ile ilitembea bila mwenyewe.

Alipomaliza kucheka na kulia, Tepu akamwambia mumewe, "Mimi nataka nyumba. Chumba cha meza, na chumba chako wewe chenye mlango."

"Na wewe utalala wapi?" akauliza yule mpole.

"Na wewe, bwana! Kwani nimekuacha?"

Wakatoa akiba yao ya miaka yote, wakaja kwangu. Katika ukoo wetu mtaalamu wa nyumba ni mimi. Nimepanga nyumba kumi na moja na nimefukuzwa kumi, sasa niambieni nani mwenye uzoefu zaidi?

Nyumba mpya hatukuziweza, tukatafuta kuukuu. Dalali aliyetuzungusha alikuwa na ulimi mtamu, ikabidi niwafundishe wenzangu lugha yake. Dalali akisema nyumba ina hewa nzuri, inua macho utafute paa. Akisema majirani ni wakarimu, choo ni cha watu wote. Tuliona nyumba arobaini kama si hamsini. Mkwe wangu alizipenda zote. Kila tukiingia, yeye anakwenda moja kwa moja chumbani, anajinyoosha sakafuni kupima, anasema, "Hapa panafaa." Mara mbili tulimsahau, tukarudi kumwamsha.

Mkewe naye anazunguka nje, kichwa upande. "Hii bega moja limeanguka." "Hii imebana kiunoni, meza haipiti." Nyingine aliitazama paa akasema, "Kola imekaa vibaya," tukaondoka, dalali anajishika kichwa.

Ndipo tukafika kwa mzee mwashi.

Huyu mzee alijenga kwa watu maisha yake yote, na nyumba hiyo aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, siku za mapumziko. Sasa mkewe amefariki, magoti yamegoma, anahamia kwa binti yake. Nyumba kuukuu, lipu imebanduka huku na huku, mlango wa uani unalia ukiugusa. Lakini sebule! Tepu aliipima mara tatu. Meza inaingia, na nafasi ya kuizunguka inabaki. Nyuma kuna vyumba viwili vyenye milango. Mpwa wangu alitabasamu tabasamu ambalo nililiona mara ya mwisho siku alipomtolea uvivu bosi wake wa zamani. Mkwe wangu alikuwa ameshalala kwenye chumba cha pili.

Bei dalali alikwisha kuipatanisha. Kilichobaki ni mzee kutukubali tu. Alikuwa na mteja mwingine, mfanyabiashara mmoja aliyetaka kuibomoa nyumba ajenge ghala, na alimwahidi jibu siku hiyohiyo saa sita mchana. Mzee ghala halitaki. Lakini alimwambia dalali wazi: hamwachii kazi ya mikono yake mtu asiyejua kazi ya mikono. Akitukataa sisi, nyumba inakwenda kwa yule wa ghala, na wale wawili wanarudi chini ya meza.

Nikamwamsha mkwe wangu, nikawaita wote wawili pembeni. "Humo ndani msiseme neno baya. Sifuni. Tena mniachie mimi nianze, nyie mtakuwa mnatikisa vichwa."

Tukakaa sebuleni. Saa tano na nusu. Mzee ametulia kwenye kiti chake, ananipima kwa macho. Nikaanza na msingi, nikasifu. Nikapanda ukuta, nikausifu. Mzee anajikuna goti. Nikatafuta kitu kikubwa zaidi, nikaliona dirisha pana la mbele, lenye pazia refu la maua mpaka karibu na sakafu. Nikasema, "Mzee wangu, nimetembea duniani, lakini dirisha lililonyooka kama hili sijaliona."

Mzee akachangamka. "Hilo ndilo la kwanza kuliweka. Hakuna aliyewahi kuliona kasoro."

"Nani athubutu!" nikasema. "Au vipi, mwanangu? We si ndiye mwenye jicho. Mwambie mzee."

Ndugu zangu, ningeumwa ulimi siku ile ningeshukuru. Tepu akatazama dirisha. Akatazama chini. Akashika tepu yake.

"Pazia ni zuri sana, baba," akasema.

"Nimesikia. Na dirisha?"

"Pazia limeshonwa vizuri mno."

"Binti, mimi nimejenga, sikushona. Nakuuliza dirisha."

Mkwe wangu akamminya mkewe kidole. Mimi nikakohoa kikohozi cha mtu anayekufa. Haikusaidia.

"Nani alishona pazia hili?" akauliza Tepu.

"Marehemu mke wangu. Wiki tuliyohamia."

"Basi mama alijua." Akainuka, akapima pazia upande wa kushoto, akapima kulia. "Kushoto ni refu kwa inchi tatu, baba. Si bahati mbaya, kila kunjo limepunguzwa kidogo kidogo mpaka kulia. Dirisha limepanda kushoto. Yeye akalikata pazia lifuate, ili pindo lilale sawa na sakafu. Mtu akitazama anaona kila kitu kimenyooka."

Nikafumba macho nikasubiri kupigwa.

Mzee akainuka. Akaenda chumbani akarudi na pima maji, kile kibao chenye kichupa, akakiweka kwenye kizingiti cha dirisha. Kipovu kikakimbilia kushoto, kikagota. Akageuza kibao. Kushoto tena.

"Miaka thelathini na mitano," akasema. "Nimewaleta mafundi vijana hapa, nikawaonyesha dirisha hili. Nikawaambia, jifunzeni. Na yeye yuko jikoni anapika, kimya!" Mara akaanza kucheka, mabega yanatikisika, mpaka akatafuta kiti. Na sisi tukacheka, nikajua tumepona.

Kumbe bado. Mzee akafuta macho, akakaza uso. "Basi siuzi. Kitu kilichopinda hakitoki mikononi mwangu na jina langu juu yake. Nitalivunja dirisha, nilijenge upya. Mje mwakani."

"Mwakani?" Mkwe wangu alisema kwa sauti ya mtu aliyeambiwa arudi jela. "Mzee, sisi tunalipenda hivyohivyo!"

"Mimi silipendi. Bora yule wa ghala alibomoe, aibu iishe."

Saa sita kasoro dakika tano. Dalali amejiinamia. Hapo ndipo mjomba wenu nilipoinuka. Nikaweka mkono kifuani, sauti ikanitoka nzito mpaka vioo vikatetemeka, majirani kama mia mbili wamejazana mlangoni, nikasema, "Mwashi! Ukilinyoosha dirisha hilo leo, basi kesho pazia la marehemu ndilo lita..."

"Mjomba."

Nikageuka. Tepu yuko nyuma yangu na mkasi wake, anachungulia begani kwangu, anasoma ninachoandika. Ubaya wa kuandikia kwenye meza ya mtu ni huo.

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama!"

"Na upunguze sauti, mkweo kalala chumbani. Ulikuwa kibarazani. Mzee alikutoa nje uliposema pima maji yake ndiyo mbovu. Mbona hilo hukuliandika?"

"Nilikuwa nakuja huko."

"Maneno hayo niliyasema mimi. Wala sikutetemesha kioo. Nilimwambia taratibu, 'Baba, ukilinyoosha dirisha, pazia la mama litaonekana limepinda. Watu watasema hakujua kushona.' Basi. Akalishika pazia, akakaa nalo, mpaka simu ya yule wa ghala ikaita ikakatika. Akasema, 'Chukueni nyumba. Na pazia lisitoke hapo.' Andika hivyo."

"Na majirani mia mbili?"

"Alikuwepo dalali."

Haya, nimeandika. Nilikuwa kibarazani, nakiri. Lakini msidhani kukaa kibarazani ni kazi ndogo, kwa sababu yule mfanyabiashara hakukubali kirahisi, alikuja na lori na wanaume thelathini wenye nyundo, nikasimama mlangoni peke yangu, wa kwanza nikamkamata hivi, wa pili nikam...

"Mjomba! Yule bwana si alipiga simu tu?"