Hamdiya na Chupa Tatu za Bia Nyeusi

Picha iliingia kwenye grupu la ukoo siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, wanaume wakiwa wanatafuta kanzu zao.

Hamdiya binti Saud, mwalimu wa madrasa. Buibui lake, mtandio wake, macho kayafumba. Na glasi ya bia nyeusi imegusa pua.

Aliyeituma ni binamu yao aliyeko Maskati. Chini kaandika: "Huyu si Hamdiya wetu?"

Mama yake, Bi Ghada, ndiye aliyeiona mwanzo. Hakupiga kelele. Aliingia jikoni, akaiweka simu mbele ya sahani ya mihogo aliyokuwa akila binti yake, akasema neno moja.

"Nambie."

Hamdiya akaisukuma sahani pembeni. 

Kisa hiki kanihadithia mwenyewe, na ruhusa ya kukiandika kanipa. Majina nimeyabadili, basi msianze kutafutana kwenye komenti.

Turudi nyuma siku kumi na tisa.

Hamdiya ana miaka thelathini na moja, anaishi Mgogoni, kijiji cha Pemba, na mama yake. Jioni husomesha watoto wa kike madrasa ya Shehe Talib. Asubuhi alikuwa na kazi nyingine ambayo ukiisikia utacheka: alikuwa ananusa mdalasini.

Kweli kabisa. Ghala lilikuwa Wawi, la bwana mmoja aitwaye Haidar. Wakulima wa Mgogoni wakileta maganda yao, Haidar hapokei gunia mpaka Hamdiya alitie pua.

Na pua yenyewe si ya mchezo. Ganda lililokaushwa juani na lililokaushwa juu ya moshi, anakutenganishia hapo hapo. Gunia lililowahi kubeba papa mwaka juzi, anakwambia. Hata mwenye gunia keshasahau.

Miaka mitatu mdalasini ule ulikuwa unakwenda Ubelgiji. Haidar aliwaambia wakulima kuwa huko kuna kiwanda cha biskuti. Bei ilikuwa nzuri, watu wakaezua makuti wakaezeka bati. Hata msikiti wa Mgogoni uliezekwa upya kwa mchango wao.

Asubuhi moja Haidar akaingia ghalani jasho linamtoka.

"Hamdiya, twende. Mnunuzi kaja mwenyewe kutoka Ulaya, yuko hotelini. Kasema mdalasini wetu umemharibia mali. Leo tukishindwa, tumekwisha."

Wakaenda.

Hotelini wakapelekwa chumba cha mikutano. Mama mmoja wa Kizungu, nywele za mvi, mikono ya shati kaikunja, alikuwa amesimama nyuma ya meza. Jina lake Griet. Juu ya meza glasi zimepangwa, na chupa tatu nyeusi.

Hamdiya alisoma kibandiko, miguu ikagoma mlangoni.

"Haidar, hii n'ni?"

"Bia."

"Na biskuti ziko wapi?"

Haidar akatazama sakafu. "Ingia kwanza. Tutazungumza."

"Mie nakwenda zangu."

"Ukitoka," Haidar akasema polepole, "huyu mama anakwenda kuwatangazia wenzake kuwa Wapemba twapuliza sumu kwenye maganda. Watu arubaini na tatu wabaki na mdalasini wao majumbani. Haya, toka."

 Hamdiya aliwafikiria wale watu. Wengi aliwasomeshea watoto wao.

"Sinywi," akasema.

"Hakuna aliyekwambia unywe. Nusa."

Akaingia.

Griet akafungua chupa ya kwanza. Hii ya mwaka jana, akasema, ndiyo nzuri, anza nayo uijue. Haidar akatafsiri, ingawa Hamdiya Kiingereza chake cha skuli kilikuwa kinamtosha.

Akaimimina taratibu, glasi kaiinamisha. Nyeusi tititi, lakini ilipoelekezwa dirishani ikatoa wekundu kwa ndani, kama chai ya rangi iliyokolea. Povu lake lilikuwa zito, rangi ya kahawa ya maziwa, likakaa juu wala halishuki.

Hamdiya akasoma Bismillahi kwa mazoea. Akashtuka. Akaomba msamaha kimoyomoyo, akainusa.

"Tende," akasema. "Zabibu kavu. Sukari ya halua inapoanza kuungua chini ya sufuria. Mkate. Mdalasini uko nyuma kabisa, mzima, hauna kasoro." Akanusa tena. "Karafuu mmetia ya nini?"

Griet akacheka kwa mara ya kwanza. Karafuu hatukutia hata punje, akasema. Hamira yetu ndiyo inayotoa harufu ile, na wengi huwa hawaijui mpaka waambiwe.

Griet akapiga funda, akalizungusha kinywani, akameza. Tamu mwanzo, akaeleza, uchungu kidogo mwisho.

"Inakuchoma wapi?" Hamdiya akamuuliza. "Kooni au kifuani?"

Griet akagusa kifua. Akasema bia kali kama hii, nzuri yake inatia joto tu. Ikichoma koo, mpishi kakosea. Akamtazama Hamdiya vizuri sasa, akamsogezea kiti.

Chupa ya pili ikafunguliwa, kisha ya tatu. Hizi ndizo mbovu, za mwaka huu.

Kwenye ile ya tatu Hamdiya alirudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Plasta! Hospitali!"

Griet akapiga meza. Ndiyo! Ndiyo hasa! Mdalasini wenu umepulizwa dawa, sasa hata mtu wenu kakiri!

Haidar akawa mweupe. "Hamdiya, umetumaliza."

"Subiri."

Akaishika glasi kwa mikono miwili, akaisogeza mpaka ikamgusa pua, akafumba macho. Alisikia simu ikilia *klik* upande wa pili wa meza. Hakuijali. Alikuwa anatafuta kitu.

Mdalasini ulikuwepo, msafi vile vile. Ile harufu ya hospitali ilikuwa kwingine. Ilikuwa imeikalia ile karafuu ya hamira, imeivaa kama nguo.

Na alikuwa anaijua. Mwaka wa kipindupindu, kisima chao kilipotiwa klorini, chai ya karafuu ya Bi Ghada ilinuka plasta wiki nzima. Maji matupu yalinuka klorini tu. Yakikutana na karafuu, hospitali.

"Naomba vikombe viwili," akasema. "Kimoja maji ya mvua. Kimoja maji yenye klorini."

Hotelini vyote vilikuwepo. Akapika mwenyewe jikoni kwao, karafuu na mdalasini kwa kipimo kimoja, akarudi na vikombe kwenye sinia. Wakangoja vipoe.  Kama Hamdiya kakosea, hakuna wa kumlaumu ila yeye.

Griet akanusa cha kwanza. Akaitikia kwa kichwa, sawa.

Akanusa cha pili: plasta ile ile. Akakaa chini.

Kisha akachukua simu akatoka nje. Walimwona dirishani akienda na kurudi, akizungumza kwa lugha yao, mkono hewani. Aliporudi uso ulikuwa mwekundu. Pampu ya kisima chao iliharibika mwezi wa kwanza. Vijana wake wakatumia maji ya bomba, yenye klorini, bila kuyachuja, na hawakumwambia.

Alimshika Hamdiya mikono yote miwili. Mkataba ukabaki. Akaongeza na neno, akitabasamu: wakulima wenu lazima wanajivunia sana bia hii.

"Sana," Haidar akajibu.

Ndani ya gari Hamdiya alingoja mpaka geti la hoteli likapotea nyuma.

"Wakulima hawajui, sivyo?"

"Hamdiya, umetuokoa leo. Usiharibu."

"Nakuuliza wanajua?"

"Anayetakiwa kujua, anajua. Nyamaza, yakhe. Nyamaza tu."

Akanyamaza.

Hapa ndipo alipokosea, na mwenyewe kanambia nisimfiche. Kila siku aliapa kesho atasema. Anafika madrasa, anatazama bati za msikiti zinavyong'ara, ulimi unakuwa mzito. Akisema, wale wazee watalala vipi? Asiposema, yeye atalala vipi? Siku zikaenda hivyo hivyo, kumi na tisa.

Kumbe Griet, kwa nia njema kabisa, kaitia ile picha kwenye ukurasa wa kiwanda chake, na maneno: pua iliyoiokoa bia yetu. Ikazunguka, ikafika Maskati, ikarudi Mgogoni.

Jikoni pale, Hamdiya mwishowe alimweleza mama yake yote. Bi Ghada alisikiliza mpaka mwisho.

"Uliinywa?"

"Wallahi sikuinywa."

"Basi kwangu umesema. Bado kwa watu."

Jumamosi baada ya Alasiri watu walijaa barazani kwa madrasa, wanaume mbele, wanawake upande wa ukuta. Shehe Talib kati. Aliyekuwa moto kupita wote ni Mzee Ngwali, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, mtu wa safu ya kwanza msikitini.

Kabla Hamdiya hajakaa, Haidar akamvuta pembeni.

"Sema ilikuwa shira ya tende. Nyeusi vile vile, nani atajua? N'takuunga mkono. Kazi yako ipo, na mshahara n'takuongeza."

Akaachia mkono, akaenda kukaa na wazee.

Ngwali hakungoja salamu ziishe. "Mwalimu wa watoto wetu kashika pombe mkononi! Mie sitaki maelezo. Leo hii atoke madrasa!"

Minong'ono. Mwanamke mmoja akasema, "Haya, aseme basi."

"Hamdiya," Shehe Talib akasema, "mle mlikuwa na nini?"

 Shira ya tende. Maneno matatu tu, na jioni ile ingekwisha.

"Bia, Shehe. Niliinusa, sikuionja."

Baraza zima likaguna.

"Nilitakiwa kutazama imeharibika wapi. Imetiwa mdalasini." Akageuka. "Mdalasini wako, Mzee Ngwali. Na wa kila mtu hapa. Hakuna biskuti. Miaka mitatu tunawauzia watengeneza pombe. Nimejua tangu siku ile nikanyamaza, na hilo ndilo kosa langu."



Ngwali akainuka, akamwelekezea Haidar kidole. "Mshenzi weye! Umetulisha haramu! Umetudanganya!"

Haidar angeweza kukaa kimya. Lakini mtu akibanwa ukutani...

"Nimekudanganya weye?" Akainuka na yeye. "Weye, Ngwali? Mkataba sikukusomea neno kwa neno ghalani kwangu? Hukutia saini? Si weye uliyenambia, hawa wengine waambie biskuti?"

 Ngwali akatazama kulia. Akatazama kushoto. Hakuna aliyemsaidia.

Alichukua viatu vyake mkononi akaondoka peku.

 Shehe Talib akasema mliyoyauza bila kujua, Mungu ni Msamehevu. Kuanzia sasa mnajua. Kila mtu na nafsi yake.

Mnadhani watu walimshangilia Hamdiya? Thubutu.

Wakulima thelathini na moja walijitoa kwa Haidar, wakapata mnunuzi wa viungo vya chai, bei ya chini. Waliobaki wanauza kimyakimya mpaka leo. Kazi ya ghalani ilikwisha siku ile ile. Madrasani Shehe Talib alimbakisha, lakini watoto sita walihamishwa.

Na waliomnunia zaidi si wale waliochukizwa na picha. Ni wale walioshushwa bei. Jirani mmoja alimwambia mlangoni kwake, mchana kweupe: "Mwanangu, ungesema shira tu. Sisi tungeamini."

Nilimuuliza kama anajuta, na kama angeitwa tena kwenye ile meza angekwenda.

"Ningenusa," akanijibu. "Wakulima hawakustahiki kusingiziwa sumu. Lakini ningetoka pale hotelini nikaenda moja kwa moja Mgogoni kuwaambia, hata viatu nisibadili."

Basi ndugu yangu unayesoma, kama kuna jambo unalijua na linawahusu wenzako, waambie leo kwa mdomo wako mwenyewe. Watakasirika, na huenda wasikusamehe. Lakini watakuwa wamelisikia kwako.