Mwalimu Amesahau Jibu

Shule yetu ilipoamua kwamba walimu wote tufundishe kwa njia moja, nadhani mimi nilifurahi kuliko wenzangu wote. Nilikuwa mgeni. Nilikuwa nimehamishiwa Segese kutoka Masasi, kwetu, nikakabidhiwa Darasa la Nne mkondo A, watoto wamebanana mpaka wengine wanaandikia mapajani. Kisukuma sikukijua zaidi ya salamu. Kwa hiyo nilipoambiwa ipo njia ya kufundisha inayofaa popote na kwa somo lolote, niliipokea kwa mikono miwili.

Mafunzo tuliyapata palepale shuleni wakati wa likizo. Mwezeshaji, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya upole, alitukalisha kwenye madawati ya wanafunzi, akatuuliza swali, halafu akanyamaza. Alinyamaza mpaka mwalimu wa michezo akaanza kukohoa. Kisha akatuambia tuzungumze wawili wawili, na baada ya hapo ndipo akapokea majibu.

"Mmeona?" akasema. "Kila mmoja wenu amefikiri. Mkirudi darasani fanyeni hivihivi. Uliza, nyamaza, waache wazungumze, ndipo usikilize."

Mwalimu mkuu akasimama kutangaza kwamba shule ikifunguliwa, hiyo ndiyo njia ya shule nzima, na kwamba yeye mwenyewe atapita madirishani kuangalia.

Shule ikafunguliwa. Nikaandika ubaoni: zizini kuna ng'ombe mia tatu na wawili, mia na arobaini na watano wametoka kwenda kunywa maji, wamebaki wangapi? Niliichagua hesabu hiyo makusudi kwa sababu ya ile sifuri ya katikati, ambayo huwasumbua watoto wanapotaka kukopa. Nikauliza, nikanyamaza. Wakanikodolea macho. Nikawaambia wazungumze wawili wawili, na darasa zima likaingia kwenye Kisukuma. Sheria ya shule ilikuwa Kiswahili tu, lakini mwezeshaji alisema tuwaache wazungumze, sasa sikujua nifuate lipi. Nikawaacha. Nikawa napita kati ya madawati nikiitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa. Mwalimu mkuu akachungulia dirishani, akaona midomo inavyokwenda, akaniinulia dole gumba.

Tuliendelea hivyo kwa majuma kadhaa. Kila nikinyamaza, watoto walizungumza zaidi, tena kwa bidii, huku wakinitupia macho. Nikajua njia imeshika.

Siku moja mwalimu wa mkondo B, dada mzaliwa wa palepale, alikuja kuniomba chaki. Akasimama mlangoni akingoja watoto wamalize mazungumzo yao. Nikamwona anaziba mdomo kwa khanga.

"Mwenzangu," akaniambia tulipotoka nje, "unajua wanachozungumza?"

"Si hesabu ya kutoa?"

"Wanakuzungumzia wewe. Wanasema mwalimu amesahau jibu. Hao wa mbele wanaambiana wafanye haraka wakusaidie, mwalimu mkuu asije akakufukuza."

Sikujua nicheke au nilie. Kumbe nilivyokuwa nanyamaza pale mbele, nikijiona mwalimu wa kisasa, watoto walikuwa wananihurumia.

Haikuishia hapo. Juma hilohilo alikuja bibi mmoja na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Alikuwa bibi wa binti mmoja wa darasani kwangu, binti ambaye muhula wote uliopita sikuwahi kuisikia sauti yake.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba mayu," akaitikia, akiniita mama kwa Kisukuma. "Pole na kichwa."

"Kichwa?"

"Mjukuu wangu ameniambia. Anasema zamani ulikuwa unajua kila kitu, siku hizi unawauliza watoto." Akauweka mfuko mezani pangu. "Upike na karanga, mayu. Utapata nguvu."

Nikamweleza kwamba niko mzima, kwamba ni njia mpya, shule nzima tunaitumia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono.

"Sawa, mayu. Lakini ule."

Na yule mjukuu wake ndiye aliyenivuruga zaidi. Wakati wa mapumziko alianza kunifuata mezani, amebeba punje za mahindi kwenye sketi. Alizipanga mbele yangu mafungu mafungu na kunifundisha, Kiswahili chake kikichanganyika na Kisukuma. "Mwalimu, tazama. Huyu sifuri hana kitu. Ukimwomba hana. Nenda kwa mia kwanza, yeye ampe sifuri, halafu sifuri akupe wewe. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Haya, sema."

Nikasema. Akaitikia kwa kichwa, akazikusanya punje zake, akaenda kucheza. Maelezo yale mimi mwenyewe nisingeyaweza. Sasa nifanye nini? Nimwache aendelee kuamini kwamba mwalimu wake ana ugonjwa wa kusahau? Moyo ulinisuta. Siku iliyofuata nikasimama mbele ya darasa nikawaambia ukweli: majibu yote ninayajua, ninauliza ili wafikiri wenyewe.

Nikauliza swali. Nikanyamaza. Kimya. Nikawaambia wazungumze wawili wawili. Kimya. Binti yule alikuwa anatazama dawati lake.

"Vipi leo?" nikauliza.

Mtoto mmoja wa nyuma akajibu kwa adabu kabisa, "Kama unajua, mwalimu, si utuambie."

Likawa darasa lililokufa. Nilikuwa nimesema kweli, na kweli ndiyo iliyoua kila kitu. Nikamwendea mwenzangu wa mkondo B kumuuliza yeye anafanyaje.

"Mimi?" akasema. "Mkuu akipita nanyamaza. Akishaondoka tunaimba majedwali yetu ya kuzidisha kama zamani."

Watoto wangu walirudi kuzungumza bila mimi kufanya lolote la maana. Siku moja nilikosea hesabu ubaoni, nikakosea kweli, kwa uchovu. Nikaona wanatazamana. Binti akanyoosha mkono, mnong'ono ukaanza safu ya mbele ukaenea mpaka ukutani. Nilijua wanachonong'ona: mwalimu amesahau tena. Sikuwasahihisha. Mpaka leo sijui kama kule kunyamaza kulikuwa kufundisha au kudanganya.

Kabla ya mtihani wa kata, habari zikaja kwamba dhahabu imetoka upande wa Buseresere. Mbio hizo wachimbaji huziita rashi. Habari ikifika, familia nzima hufunga godoro kwenye bodaboda na kuondoka. Darasa langu likapungua mpaka kila mtoto akapata mahali pa kuandikia. Mtihani ukafanyika, na mkondo A ukafaulu vizuri kuliko ulivyowahi kufaulu. Mkondo B nao, walioimba majedwali, wakafaulu karibu sawa na sisi.

Mwalimu mkuu alifurahi sana. Akanituma kituo cha walimu nikawaeleze walimu wa shule nyingine tulichokifanya. Nikasimama pale mbele na kusimulia yote, michembe, punje za mahindi, rashi, makosa yangu ya ubaoni. Walicheka, kisha mwalimu mmoja mzee akaniuliza bila mzaha wowote: "Sasa tukirudi shuleni, tuwaambie watoto kwamba tunajua au hatujui?"

"Sijui," nikasema.

Wakacheka tena. Walidhani nimefanya utani. Mwezeshaji yule mwembamba akaandika kwenye bango kwamba mbinu imewajengea wanafunzi ujasiri, na watu wakanakili. Huenda ni kweli.

Mwaka uliofuata binti alipanda Darasa la Tano. Muhula haukuwa umefika mbali mwalimu wake mpya aliponisimamisha ofisini, uso umekunjamana.

"Yule mtoto wako ananisumbua," akasema. "Nikiandika kitu ubaoni, kabla sijageuka kashanyoosha mkono. Jana kaja mezani kwangu kutaka kunielekeza hesabu za sehemu. Mimi! Ulimfundisha nini?"

Nilitaka kumwomba radhi, na papo hapo nilitaka kuruka kwa furaha, nikashindwa kujua lipi lianze. Kengele ikalia. Akachukua chaki zake akaenda darasani, akaniacha nimesimama katikati ya ofisi.