Mbaazi za Jirani

Wiki jana nilikwenda Mishomoroni kumpa pole ya uzazi rafiki yangu, na nilipotoka kwake miguu ikanipeleka yenyewe hadi pale tulipokuwa tukiishi. Nyumba ya nyanya haipo. Pamejengwa gorofa yenye lango la chuma, na bawabu akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia simtafuti mtu. Nilitarajia nitalia, ndugu yangu, hata leso nilikuwa nimeitoa mkobani. Sikulia. Nilisimama tu kama mtu anayengoja kuitwa jina kliniki, kisha nikaondoka.

Ilikuwa nyumba ya udongo na mawe, paa la mabati, na baraza mbele. Mimi na nyanya tu. Kwa Kigiriama nilimwita Hawe, na hadi leo neno nyanya hulitumia tu ninapowasimulia wengine. Alfajiri, adhana ikimalizika katika msikiti wa nyuma yetu, yeye tayari amekalia mbuzi anakuna nazi, na mkwaruzo ule ndio ulioniamsha. Aliuza mahamri na mbaazi za nazi pale barazani. Kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja na kuchota maji, kisha, kabla wateja hawajaja, kumsomea Maandiko, maana macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

Nikimaliza kusoma aliniuliza swali moja tu. "Haya, sisi leo tutalifanyaje?" Hakuniuliza maana yake nini. Tukisoma habari za wageni, siku hiyo msukuma mkokoteni wa maji alikaribishwa chai. Tukisoma habari za ulimi, hapakuwa na umbea barazani, na wateja walikula haraka wakaenda zao.

Halafu jirani yetu wa mlango wa pili akafiwa na mtoto mchanga. Homa ilimchukua ghafla. Siku iliyotangulia nyanya alikuwa amempakata mtoto yule na kumsifu kwa kunenepa. Hilo lilitosha. Matanga hayajaisha, jirani alisimama bombani mbele ya wanawake waliopanga mitungi, akamnyooshea nyanya kidole. "Huyu ndiye aliyemla mwanangu. Mchawi huyu!"

Unajua neno hilo huku kwetu lina uzito gani kwa mtu mwenye mvi. Wazee wamekatwa mapanga kwa ajili yake. Asubuhi iliyofuata mahamri yalilala kwenye beseni, na kesho yake pia, tukayala wenyewe hadi nikayachukia. Mawe yakaanza kurushwa juu ya mabati. Mjomba akaja mbio kutoka Changamwe.

"Mama, fungasha nikurudishe kwetu Kaloleni kabla hawajakuua."

"Kwani Kaloleni wazee hawauawi?"

Mjomba alikunywa chai yake akaondoka bila kuaga vizuri. Sikumbuki kama niliogopa. Nakumbuka jiwe likibingirika juu ya paa, na nyanya akiendelea kukunja nguo.

Katika siku hizo tulifika kwenye barua ya mtume, pale pasemapo adui akiwa na njaa alishwe, akiwa na kiu anyweshwe, na kwamba ukimtendea hivyo unampalia makaa ya moto kichwani. Jirani alikuwa kitandani wakati huo, hali chakula wala hatoki, na mumewe, dereva wa lori, alikuwa ameondoka tena kwa safari.

"Yatamchoma?" niliuliza kwa hamu.

"Makaa si kazi yetu," nyanya akasema. "Yetu ni mbaazi. Lete bakuli."

Alivuka uwanja jua likiwaka, watu wakitazama. Jirani alipoona ni nani, aliinuka akalimwaga bakuli lote mlangoni. Kuku wakaja. Nyanya akaokota bakuli lake akarudi. Kesho yake akaenda tena, ila safari hii alikaa kwenye kizingiti cha jirani, akala yeye kwanza, polepole, huku yule mwanamke akimtazama kutoka kitandani. Alipofika nusu akaliweka chini bakuli, akaondoka. Ikawa hivyo siku baada ya siku. Zile nusu zililiwa na kuku. Kisha ikafika siku kuku hawakupata kitu, na jioni nikalikuta bakuli barazani kwetu, limeoshwa.

"Umemsamehe, Hawe?" nilimuuliza siku moja tukichambua mbaazi.

"Sijui, mwanangu. Nikimwona moyo hauniambii kitu. Umekufa ganzi. Lakini mguu unakwenda."

Jirani hakuomba radhi kamwe. Asubuhi moja alitokea tu barazani na sahani yake, amekonda, kanga imemlegea.

"Shikamoo, mama. Nipe mahamri na mbaazi."

"Marahaba. Keti, yanatoka ya moto."

Alikula palepale, mbele ya watu. Waliomwona wakaanza kurudi mmoja mmoja, na mawe yakakoma. Mwaka haukuisha jirani na mumewe wakahamia Timbwani, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, na sikumwona tena. Nyanya alikufa miaka mingi baadaye, kwa uzee wake, juu ya kitanda chake. Zamani niliona ni kifo cha kawaida.

Siku hizi naishi Bamburi. Maandiko huyapata kwenye simu asubuhi, yamepambwa kwa picha za maua, nami huyasoma maji ya chai yakichemka. Uwanja hakuna, baraza hakuna, na wa mlango wa mkabala namjua kwa kikohozi chake tu. Jumapili mhubiri hutuuliza tunajisikiaje, wenzangu wakainua mikono, wengine wakitokwa na machozi. Mimi huinamisha kichwa. Kwa miaka mingi nilidhani nimepungukiwa, kwamba imani ni joto fulani kifuani ambalo wenzangu wamepewa nami nikarukwa. Hakuna aliyeniambia vinginevyo, wala pengine hakuna aliyebaki wa kuniambia. Lakini aliyenilea hakuwa na joto hilo alipokaa kwenye kizingiti kile akitafuna taratibu ili mwanamke aliyetaka yeye auawe apate kula.